Deraya ya Binti Yako

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Je, kile kikohozi kimekuachia? Sisi wazima, Mungu ashukuriwe, ila paa la karakana bado linavuja, na kutunga sindano siwezi tena bila miwani.

Wazee wa ukoo wameniletea kazi: deraya ya vita vya angani, ya binti yako. Desturi unaijua. Atavalishwa mara moja tu, mbele ya ukoo mzima. Ikimfunga kifuani, waliotangulia wamemkubali, na anapanda chomboni siku hiyohiyo. Isipofunga wamemkataa, hagusi silaha maisha.

Ya kaka yake niliishona mimi. Ilifunga barabara, nikapiga vigelegele pamoja na wenzangu. Tukarudishiwa kofia tupu.

Hii nimeipunguza vidole viwili. Mungu anisamehe, sijawahi kudanganya kwa mikono hii.

Binti akikataliwa, zamu inamwangukia mwanangu, na yake ataishona fundi mwingine, maana mama hamshonei mwanawe. Nilimweleza akiwa anakula. Akacheka: "Na kitambi hiki, Mama? Adui ataniona kutoka mwezini!" Kisha akasukuma sahani. "Wewe punguza tu. Yule ni mdogo wangu."

Binti usimwambie kitu. Mlishe tu, asikonde, maana akikonda itamfunga. Tafadhali nijibu upesi, uniambie kama anakula.

Ni mimi dada yako,
mshona deraya