Karatasi ya Kimbiji

Mpendwa binti yangu Rehema,

Juzi ulipopiga simu tulimaliza haraka kama kawaida yetu. Shikamoo baba, marahaba, dawa nimekunywa, huko Mwanza mvua inanyesha. Kisha ukampa Doreen anisalimie. Mjukuu wangu akaniambia shule yao ina klabu ya kutembelea wazee na wagonjwa, ila karatasi ya ruhusa umekataa kuisaini. "Mama kasema nisome, mengine hayanihusu." Nikamuaga, nikakata simu. Mie ni karani mstaafu, kalamu naiweza kuliko mdomo, kwa hiyo nakuandikia.

Unaikumbuka ile Jumamosi ya Buguruni? Ulikuwa kidato cha pili. Nilikwenda sokoni mama yako alikonituma ndizi, nikakuona kwenye uwanja wa zahanati, umevaa sare, umeinama na fagio. Akili yangu ikaenda moja kwa moja kwenye adhabu, maana enzi zetu mwanafunzi hakushika fagio Jumamosi bila kosa. Nikavuka barabara nikapaza sauti mbele ya wagonjwa wote, "Umefanya kosa gani wewe?"

Ukanijibu taratibu, "Sina kosa, baba. Ni klabu yetu ya kujitolea, leo zamu yangu."

Hapo ningecheka, yakaisha. Badala yake nilikunyang'anya fagio. "Nimekupeleka shule ushike kalamu. Wewe soma, mengine hayakuhusu!" Nikakukokota hadi kituoni, na bibi mmoja uliyekuwa umemshikia nafasi kwenye foleni ya dawa akabaki anakuita kwa jina.

Wiki iliyofuata ukaleta karatasi ya shule: mzazi aweke sahihi, mwende Kimbiji kupanda mikoko. Mimi niliyekuwa nasaini majalada ya watu kutwa nzima, yako niliikunja nikaitupia kwenye droo. Hukulia. Uliacha klabu, ukaacha na netiboli na kwaya, ukasoma. Ulipofaulu nilitamba mtaa mzima hapa Tandika, watu wakanichoka.

Nikuambie ukweli, mwanangu? Ulinitii kupita kiasi. Tangu tumzike mama yako umefika hapa mara moja tu. Sikulaumu. Nilikufundisha kwamba mengine hayakuhusu, na mie nimezeeka hadi nimekuwa mmoja wa hayo mengine. Nina upweke, Rehema. Kuna siku sauti ya kwanza kuisikia ni ya muuza maji, na ya pili ni ya redio.

Isipokuwa Jumamosi. Siku hiyo wanakuja wanafunzi wa sekondari ya hapa jirani, wanafagia uwanja, wanajaza ndoo. Mmoja wao, Zuhura, mdomo kama cherehani, haondoki mpaka tucheze drafti. "Babu, leo unacheza kizembe, unaumwa?" Siku moja nikamuuliza kama kwao hakuna kazi.

"Zipo, babu. Ila sie tusipokuja wewe utacheza na nani?"

Nikaingia ndani nikajifanya natafuta miwani, na miwani nilikuwa nimeivaa. Nilimkumbuka yule bibi wa Buguruni. Yeye alikujua vizuri, na mimi baba yako sikujua hata Jumamosi zako ulikuwa unazipeleka wapi. Mpaka leo sijui ungekuwa mtu gani kama ningekuacha umalize kufagia.

Sikufundishi kulea, nakuomba tu. Doreen atasoma, ana akili kama zako. Mwache na awajue watu.

Droo ile bado ninayo. Jana niliitoa karatasi yako, nikaweka sahihi, nikaandika na tarehe ya jana, maana sikuwahi kughushi kazini na sitaanza leo. Nimeitia humu kwenye bahasha. Najua haina kazi tena. Ya Doreen bado ina kazi.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi baba yako,
Tandika.