Dumu Lenye Matundu

Ljubljana, 4 Machi 1996

Babu mpendwa,

Hujambo? Goti linasemaje na baridi hii? Mimi mzima wa mwili, ila roho imechafuka. Majibu ya maabara yametoka. Wale samaki themanini, trauti, tuliowapima katika kijito cha Zakot, juu ya maporomoko ya kwanza, wote ni chotara! Trauti wetu wa asili, wenye mabaka kama marumaru, wamezaana na wale wa kufugwa, wa madoa mekundu. Babu, pale hata fisi maji hapandi. Kuna mtu aliwabeba. Unamjua?

Mjukuu wako, Neža

Zakot, 13 Machi

Mjukuu wangu,

Sisi wazima, mbuzi amezaa mapacha. Goti ni lile lile. Samaki ni samaki, Neža. Mnatia umeme majini wazimie, mnawakata mapezi mkapime, halafu mnaulizia ukoo wao kama padri anayeandikisha ndoa! Hao chotara ndio wanono kuliko wote. Mmoja anatosha watu wawili. Kula vizuri huko, acha kukonda.

Babu yako

Ljubljana, 20 Machi

Babu,

Salamu kwako na kwa mapacha. Nikwambie mara ngapi? Unono si uzazi. Kati ya vifaranga mia wa chotara, tisa tu ndio huiona masika ya pili. Wa samaki safi wa kijito jirani, thelathini na moja. Theluji ikiyeyuka, mafuriko yanawafagia chotara wako. Tusipopata safi wa Zakot, mwezi wa saba idara ya uvuvi italeta wa mto mwingine, na ukoo wa Zakot ndio umekwisha.

Halafu Mama anasema darini kwenu kuna dumu la maziwa lenye mfuniko uliotobolewa matundu. Maziwa nayo yanapumua?

Neža, mjukuu wako

Ljubljana, 17 Aprili

Babu,

Natumai u mzima, maana mgonjwa angejibu. Mama anasema nikipiga simu unatoka nje kwa mbuzi. Sikupeleki polisi! Niambie tu ulifika wapi na lile dumu.

Mjukuu wako

Zakot, 25 Aprili

Mjukuu wangu,

Salamu. Umeshinda, kichwa kigumu kama bibi yako.

Ni mimi. Mwaka 1950 chama cha wavuvi kiligawa vifaranga, tukaambiwa tuwapeleke kote, mto ujae. Nilibeba dumu mgongoni, nikamwaga nusu juu ya maporomoko ya kwanza. Kijiji kizima kilinisifu. Leo naona aibu, ndiyo maana nilinyamaza.

Nusu nyingine ilikuwa ya juu ya maporomoko ya pili. Marehemu bibi yako Marjuta, na mimba ya mama yako tumboni, akalikalia dumu. "Wale wa juu wana kwao," akasema. "Waache." Nilimfokea mpaka koo likakauka. Hakuinuka mpaka vifaranga walipokufa. Miaka arobaini nilimwita mharibifu.

Kawatafute juu ya maporomoko ya pili; pita kushoto kwa mti uliopigwa radi. Goti haliniruhusu kukupeleka.

Babu yako

Ljubljana, 11 Juni

Babu,

Goti vipi? Nimepanda, suruali imechanika. Samaki arobaini na wawili, na maabara imesema wote safi. Bado nimekukasirikia, lakini nililia pale juu.

Fomu ya idara inauliza sababu ya ukoo huu kubaki safi. Wenzangu walitaka niandike urefu wa maporomoko. Nimeandika: Marjuta alikalia dumu.

Jumapili naja, twende makaburini. Utamwambia mwenyewe.

Mjukuu wako, Neža