Nimepigilia Madirisha ya Wodi, Sasa Nesi Wangu Anatetemeka

Mpendwa mshauri Bi Kuruthumu, naomba msaada wa haraka, maana mimi Mrisho, seremala ambaye tangu biashara iachiwe huru nimeshafika Lusaka na Blantyre na hakuna mlango ulionishinda, nimeshindwa na madirisha yangu mwenyewe. Baridi ya Tukuyu unaijua, sasa wafadhili wakaleta hospitalini mashine inayogeuza dawa ya pumu kuwa mvuke, mtoto anavalishwa maski anavuta, yaani ni maajabu, anaingia kifua kinapiga filimbi, anatoka anadai andazi! Nikaona upepo unawapiga watoto, nikapigilia madirisha yote ya chumba kile, bure, mbao zangu misumari yangu, kina mama wakashangilia, bibi mmoja wa Suma akanishika mikono akinishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, fundi, Mungu akulipe," na mimi nikahutubia kama mbunge. Sasa nesi wa mashine ile ni mke wangu Shamimu, na siku hizi anarudi anakohoa, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika, na ni mjamzito, nami kwa ujuaji nikamwambia, "Hayo ni mapenzi yangu yanakusumbua." Akanijibu, "Baba Rahim, acha utani! Mvuke unaowapita watoto naumaliza mimi. Ng'oa mbao hata za dirisha moja." Lakini nikizing'oa, Muddy, seremala mwenzangu, atatangaza mpaka Kisiba kwamba kazi yangu imekataliwa, na kina mama watasema nawaulia watoto kwa baridi. Nifanyeje?

Mrisho, Tukuyu

Fundi Mrisho, moyo unao, tena mkubwa, ila masikio umeyaacha Blantyre. Dawa inayomfungua mtoto kifua, mtu asiye na pumu akiivuta kutwa nzima inaweza kumtetemesha na kumwendesha moyo mbio. Mkeo amekueleza kwa Kiswahili chepesi, wewe unamletea mahaba! Na huyo Muddy ndiye atakayekuzalia?

Kesho asubuhi nenda kwa mganga mkuu wa hospitali, mwambie wewe ndiye uliyefunga na unataka kufungua. Ng'oa mbao za madirisha ya pande mbili, hewa ipite. Mtoto afunikwe blanketi, maski ishikwe na mpira wake, siyo nesi kumwinamia na kuishikilia, na mashine izimwe kwanza ndipo maski ivuliwe. Manesi wapokezane. Shamimu aonane na daktari, na kwa sasa aombe wodi nyingine. Kina mama wakilalamika, waeleze wewe, kuhutubia si unajua? Ila kama jioni hiyo bado anatetemeka, usikae kuniandikia mimi. Mpeleke kwa daktari usiku huohuo.