Kitambaa cha Vinanasi

Elerai, Arusha
25 Mei 2025

Dada Nashipae mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko Oldonyo Sambu? Sankale amepona kile kikohozi? Mama mkwe na mifugo hawajambo? Mimi mzima, ila baridi ya mwaka huu imeamua kutumaliza, mlima wiki nzima hatujauona. Nakuandikia kwenye karatasi kama babu kwa sababu simu yako inachajiwa kwa mama mkwe, na yeye husoma ujumbe kabla yako. Eliamini wa gari la maziwa amekubali kuwa posta yetu.

Uliniuliza nawezaje kupendeza chuoni kila siku wakati shemeji Gadiel analipa ada tu, na nguo ananiambia nivumilie. Haya, siri yangu ni hii. Ngarenaro kuna fundi cherehani, mzee Muzammil, anayeshona sare za sherehe za nusu ya mji. Ndugu wa harusi wakishashonewa, vipande vinabaki. Mimi nikimkazia vifungo Jumamosi, ananiachia vipande kwa bei ya kutupa. Basi Jumatatu navaa send-off ya watu wa Sakina, Jumatano ubarikio wa kipaimara wa binti nisiyemjua, Ijumaa navaa harusi ya mwenye hoteli. Chini jinzi ile ile moja ya mtumba, na raba ninazozisugua kwa mswaki. Wenzangu wanadhani nina kabati. Kabati langu ni kamba na misumari miwili!

Wiki hii sasa nimeokota embe dodo chini ya mnazi. Mita tatu nzima za kitenge cha zambarau chenye vinanasi vya dhahabu. Muzammil anasema kuna mtu wa sherehe hiyo hakushona. Nimeshona koti fupi la mikono mipana, nikaliwekea na mfuko wa ndani. Nilipoingia darasani mwalimu mwenyewe alisahau alikuwa anasema nini. Nakutumia kipande uone rangi.

Mdogo wako,
Naserian


Oldonyo Sambu
30 Mei 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Sankale amepona, sasa kazi yake ni kuwasumbua ndama. Nimecheka barua yako mpaka kuku wamenishangaa. Baba angejua binti yake anavaa makombo ya sherehe za watu, angekufuata huko na fimbo.

Ila kuna jambo. Nilipofungua bahasha, mama mkwe alikuwa ameanika gauni lake jipya uani. Nikaweka kipande chako juu ya mkono wa gauni. Ni kile kile, nanasi kwa nanasi. Na si yeye peke yake. Shangazi yake Gadiel ameshona, wake wa kaka zake wawili wameshona. Nilipouliza, mama mkwe alisema ni sare ya jubilei ya kwaya huko mjini, na kitambaa kiliisha kabla hakijanifikia.

Nikarudi jikoni. Lakini Naserian, nimeolewa humu miaka sita. Mama huyu alipovunjika nyonga nilimwogesha mimi. Leo ukoo mzima umeshona, kitambaa kinakuja kuisha kwangu? Imeniuma, sitakuficha.

Tena juzi kampima Sankale suti. Mtoto wa miaka mitano kwenye kwaya ya wazee, makubwa haya! Hebu muulize fundi wako hiyo jubilei ni ya usharika gani. Na mimi nitakwenda kushangilia, na nguo zangu hizi hizi.

Dada yako,
Mama Sankale


Elerai
3 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Leo hata salamu zimenikauka. Kaa chini kwanza. Kama Sankale yuko karibu, mtume kwa ndama.

Nilikwenda kwa Muzammil. Ana daftari, kila sare na ukurasa wake wa vipimo. Juu ya ukurasa wa vinanasi imeandikwa: Harusi, Jumamosi 28 Juni. Chini yake: Mama wa bwana harusi. Shangazi. Wake wa kaka, wawili. Mtoto wa kushika pete, miaka mitano. Halafu: Dada wa bwana harusi, anakaa na mama shambani, mgonjwa, hatashona.

Nikamuuliza bwana harusi ni nani. Akasema, bila hata kuinua macho kwenye sindano, "Gadiel, yule mwenye duka la spea hapo nyuma."

Gadiel hana dada! Wamezaliwa wanaume watatu. Anayekaa na mama shambani ni wewe. Dada, huyo dada wa bwana harusi ni wewe. Mita tatu ninazoringa nazo chuoni ni zako.

Bibi harusi anaitwa Nice, ana saluni mtaa wa pili. Ndoa imeshaanza kutangazwa kanisani. Ninyi mlioana kimila, mkasema mtabariki kanisani baadaye, basi kwenye vitabu vya kanisa shemeji ni kijana asiye na mke.

Na huyu ndiye anayenisomesha. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nimekishonea na mfuko. Siamini ninachoandika. Nisamehe, mimi na kipande changu cha kukuringishia. Niandikie hata neno moja.

Mdogo wako,
Naserian


Oldonyo Sambu
6 Juni 2025

Naserian,

Nimesoma. Nimesoma tena. Ndoo ya maziwa ya asubuhi yote imemwagika.

Usimwambie mtu, hata mama yetu. Shemeji yako akija, mwamkie kama siku zote. Mama mkwe kaniuliza leo mbona nimepauka, akanichemshia uji. Kanichemshia uji, Naserian, na gauni lake liko ukutani.

Dada yako


Elerai
17 Juni 2025

Dada mpendwa,

Shikamoo. Siku kumi na moja kimya. Eliamini anasema unampimia maziwa na kumwitikia salamu, ila bahasha hakuna. U mzima kweli? Unakula?

Jana shemeji alikuja hosteli bila taarifa. Nikashuka nimevaa lile koti. Sikukusudia, baridi ilikuwa kali na sina jingine zito. Alikuwa anatabasamu, soda mbili mkononi. Akaliona koti. Mdomo ukaendelea kutabasamu, macho yakaacha.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa fundi, shemeji. Kilibaki."

"Kilibaki kwa nani?"

Nikalifunga koti vifungo hadi juu, na hilo likamweleza yote. Akanisogelea, akasema taratibu, kwa sauti ile anayoombea chakula: "Naserian, wewe ni msomi. Mwaka wako wa mwisho haujalipiwa. Dada yako ni mke wa boma, akae kama alivyokaa, hakuna atakayemgusa. Mkinyamaza, utahitimu. Mmoja wenu akifungua mdomo, utarudi kuchunga." Kisha akanipa soda, akasema, "Kavue hiyo nguo."

Mtu aliyekuja kwetu na ng'ombe, akapiga magoti mbele ya baba! Nimemwita shemeji kwa heshima miaka yote hiyo, na jana nilimtazama nisimjue. Koti sikulivua. Nilipanda nalo mpaka ghorofa ya tatu.

Jibu basi, nakuomba.

Mdogo wako,
Naserian


Oldonyo Sambu
22 Juni 2025

Mdogo wangu Naserian,

Marahaba. Nisamehe kwa kimya. Kula nakula, ila hata ukinilisha majivu sitajua.

Alhamisi nilimwambia mama mkwe nampeleka Sankale hospitali, nikaja mjini. Sikukupitia kwa sababu ningekuona ningelia, na sikutaka kufika nimelia. Nilikwenda kwa Nice. Njia nzima nilikuwa napanga matusi.

Nilimkuta anasuka mteja. Akainua macho, akamwona Sankale, akaacha kichwa cha watu nusu, akanikumbatia. "Wifi! Jamani wifi umepona! Gadiel alisema hutaweza kuja." Alinishika kwa mikono yenye mafuta ya nywele, Naserian, akawa ananiambia nimepungua, ananitafutia kiti. Picha ya Sankale imebandikwa kwenye kioo chake. Ameambiwa ni mpwa wa Gadiel. Matusi yangu yote yalipotea, nikabaki nimesimama kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

Nikamwambia, "Mimi si wifi yako. Huyu ni mtoto wake. Kwa baba yangu kuna ng'ombe wake."

Yule mteja akaondoka na nusu kichwa. Nice akakaa sakafuni, juu ya manywele. Hakulia. Akaniuliza niliolewa lini. Nikasema miaka sita.

Akasema, "Mimi naye huu ni mwaka wa nane."

Wa nane! Nilikwenda kumfukuza mwizi, kumbe aliyetangulia ni yeye. Alikuwa anaambiwa asubiri mpaka duka lisimame. Mimi nikaletwa kwa sababu mama yake alikuwa peke yake shambani na ng'ombe wanataka mkamuaji. Miaka sita nimejua mimi ni mke. Hata sasa nikikamua nasimama, nasahau nilikuwa nafanya nini, mpaka ng'ombe ananigeukia.

Nice alisema haamini maneno ya saluni, yawe yangu, yawe ya Gadiel. Ijumaa hii saa nne wanaonana na mchungaji kwa mara ya mwisho. Nikija na kuyasema yale yale Gadiel akiwa amekaa hapo, harusi haipo. Nisipokuja, ataamini aliyoambiwa, kwamba mimi ni dada mgonjwa wa kichwa.

Juzi Gadiel alikuja hapa. Kasema kama alivyokuambia wewe, na mama yake akaitikia kwa kichwa.

Naserian, kwa nafsi yangu sina ninachoogopa tena. Naogopa kwa ajili yako. Mimi niliishia darasa la saba, wewe ndiye wa kwanza kwetu kuingia chuo. Nikifungua mdomo nakufungia mlango. Nikinyamaza, mwanangu atasimama kanisani amshikie baba yake pete. Nimeshindwa. Hili siwezi kuliamua juu ya mgongo wako. Niambie wewe. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza, na sitakulaumu kamwe.

Dada yako,
Nashipae


Elerai
25 Juni 2025

Dada yangu Nashipae,

Shikamoo. Barua yako niliipata jana. Nitakuambia ukweli, maana waongo wametutosha. Nilipofika kwenye swali lako, jibu la kwanza lililonijia lilikuwa: nyamaza. Lilikuja haraka, hata sikulitafuta. Nilijiona mwaka mmoja mbele nimevaa joho, nikakuona wewe huko na ndoo, nikaona inawezekana. Nilishtuka, dada. Nilishtuka kuliko siku ile ya daftari, kwa sababu safari hii aliyekuwa anakuuza ni mimi.

Kwa hiyo sikuandika. Leo saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa msajili wa chuo. Nimejaza fomu ya kuahirisha masomo mwaka mzima. Mama wa dirishani aliniuliza mara tatu kama nina akili timamu, kisha akagonga muhuri. Nakala iko humu ndani ya bahasha. Muzammil amenipa cherehani ya pembeni, naanza Jumatatu. Nitarudi darasani nitakapoweza, na ada nitapeleka mwenyewe.

Sasa Gadiel hana tena kitu changu mkononi. Mwekee karatasi hii mezani mbele ya mchungaji, aisome.

Eliamini atakupakia Ijumaa alfajiri, nimeshaongea naye. Usimwambie mama mkwe unakwenda hospitali. Mwambie unakokwenda. Saa nne nitakuwa nje ya ofisi ya mchungaji, na Sankale atakaa na mimi mpaka umalize kusema.

Mdogo wako,
Naserian