Kavira V. ku Valves

Siku ya ine, 12 juin 2025
Niko ku liste ya kazi! Labo ya biologie, ku université, utafiti ya popo. Dosye ya kumi na moja ya kuomba kazi tangu nimalize licence ku université, zile zingine hakuna hata mutu alinijibu. Na leo ku valves, ile ubao ya matangazo mbele ya décanat, ofisi ya mukubwa wa faculté: «Assistante: KAVIRA V.» Miye! Kavira Vahwere! Nilisoma mara tatu, nikashika ukuta. Assani wa taxi-moto aliniuliza kama nimefiwa. Kufiwa wapi, nimepata kazi! Alinipeleka, akapiga klaxon mpaka kwetu Mudzipela. Mama alisahau mboga ya sombe ku moto, ikaungua. Tulikula vile vile.

Siku ya kwanza, 16 juin
Profesa Nathanaël, mukubwa wa labo, hakuniuliza kitu. Alinipa blouse nyeupe ya labo, gants za mikono na cahier. Anasema kwake hakuna mutu anagusa tube bila kuandika saa na kusaini. Nimesaini mara makumi ine! Damu ya popo iko kidogo sana mu tube. Lakini hii kazi naipenda. Naipenda mpaka naogopa.

Siku ya tatu, 18 juin
Eh Mungu wangu.
Profesa alinituma kwa Lucien, sekretere, nichukue dosye yangu, atayarishe contrat ya kazi. Lucien alinipa enveloppe bila kuangalia, simu ku sikio. Nilifungua mu couloir, njia ya kati ya ma-ofisi.
Picha haiko yangu!
Kavira Vutegha Gracieuse. Aka! Siye ba-Nande, jina ya kwanza inafuata weye ni mutoto wa ngapi mu nyumba. Ita Kavira mu avenue moja ya kartiye Bigo, milango tano itafunguka. Nilijua hiyo tangu utoto! Na sikuuliza Kavira gani. Nilivaa blouse tu.
Na ule dada – miaka mbili anakamata popo mu mapango. Points zake za masomo zinapita zangu mbali. Chini aliandika: eko mbali, Mongbwalu, réseau ya simu inakuja na kupotea, musichoke kumutafuta.
Hakuna mutu alimutafuta.
Profesa aliuliza: dosye iko wapi? Nikasema Lucien angali anatafuta. Enveloppe iko chini ya cahier yangu. Nasikia haya. Na sikuirudisha.

Siku ya tano, 20 juin
Amekuja, ule dada wa picha!! Lucien alimuleta mwenyewe, anasema ongea na mademoiselle wa labo, akaenda zake. Vumbi mpaka ku nyusi. Siku mbili juu ya camion! Juzi tu mutu alimutumia picha ya liste.
Nilizani atapiga kelele. Hapana. Alikaa polepole, akaeleza: sentinelle, mulinzi wa mulango, alimuambia Kavira mwingine ameisha kuanza kazi. Anasema hana hasira na ule Kavira. Pengine naye alisoma tu vibaya, pengine naye ametafuta sana kazi. Anataka yeye na ule Kavira waende kwa Profesa pamoja, bila kugombana. Mutu wa kusoma namna ile, anasema, akijua ukweli hawezi kunyamaza.
Siku mbili nimenyamaza!
Kisha akaangalia blouse yangu. Akaniuliza: na weye dada, unaitwa nani?
Nikasema ngoja kidogo, nakuja.
Niko mu toilette ya labo, naandika juu ya magoti. Ameisha kukohoa mara mbili mu couloir. Sasa anagonga, pole pole, anauliza kama niko mugonjwa, kama aniletee maji –