Kwa Faida, Uliyegonga Mara ya Nne

Mdogo wangu Faida,

Ni mimi, Yaya wako. Watanzania wa hapa Columbus hunicheka wakisikia neno hilo, maana kwao yaya ni mtu wa kulea watoto wa wengine. Nawajibu kwamba hawajakosea sana, kwa sababu kazi yangu ni kuogesha wazee wa watu. Lakini mdomoni mwako lilikuwa na maana moja tu, dada mkubwa, yule anayetangulia. Sijawahi kukuandikia. Mtu asiyejulikana aliko utamwandikia kwa anwani gani? Leo naandika kwa sababu Jumamosi hii tuna jambo linalokuhusu, na sitaki ulisikie kwa watu.

Nianze na mlango. Unakumbuka ulivyokuwa ukigonga pale nyumbani Uvira? Mara tatu, halafu kimya. Ulikuwa unangoja mpaka usikie ndara za Baba zinaburuta kuja, ndipo unagonga mara moja tena, ya nne, ya uchokozi tu. Baba alikuwa akifungua huku ananung'unika: "Nimesikia, bon. Uko unataka kuvunja mlango?" Wewe unapita chini ya mkono wake unacheka. Hakuna mwingine aliyegonga hivyo, na baada yako hakuna aliyejaribu.

Sasa nina binti, Rehema, ambaye hukumjua. Ana umri uleule uliokuwa nao wewe tulipoachana, na sauti yake nisiseme. Mwaka huu walimchagua kuimba katika opera. Opera ni mchezo ambao hakuna anayeongea, wote wanaimba, hata wakiomba chumvi. Hii ni ya kale, ya Ulaya, ya mapenzi. Msichana anampenda kijana ambaye baba yake hamtaki. Baba anamfukuza binti, naye anazunguka kwenye theluji, mwisho anarudi kugonga mlango wa kwao. Baba anapofungua hakuna mtu, maana amekwisha kufa njiani.

Mwalimu wao, msichana wa Clintonville mwenye nywele fupi na maneno mengi, aliihamishia hadithi kwenye majengo ya kupanga kama haya yetu ya Northland. Kijana anapakia maboksi kwenye bohari. Barua za mapenzi zimekuwa ujumbe wa simu. Waimbaji wote ni vijana waliokuja na wazazi wao kutoka mbali, hakuna aliyefikisha miaka ishirini. Wanavaa makoti yao ya kila siku. Na mlango ni mlango wa kweli, uliong'olewa kwenye jengo moja la Whitehall lililokuwa likikarabatiwa. Wameufunga kwenye fremu yenye magurudumu, umesimama katikati ya jukwaa bila ukuta wowote. Nilipouona mara ya kwanza sikuupenda.

Onyesho la kwanza lilikuwa hapa Columbus, Jumamosi saa nane mchana. Nilikaa mbele na simu yangu, mama kama akina mama wengine. Ikafika sehemu ya mwisho. Rehema yuko nyuma ya mlango, hatumwoni. Akagonga mara tatu. Kijana anayeigiza baba akasimama, akaanza kutembea kwenda kufungua, na viatu vyake vikasikika kwenye mbao. Ndipo mlango ukagongwa mara moja tena.

Simu ilinianguka. Nilimngoja Rehema nje, hata sikumpongeza. "Nani alikufundisha kugonga vile?"

"Vile namna gani?"

"Mara tatu, halafu moja."

"Mama, niligonga three times. Three. Mwalimu alisema three."

Nikasema ni magurudumu, mlango umetikisika. Nikapika, tukala. Lakini tangu siku hiyo nilipofua, nilipoendesha gari, nilipomfunga mzee wa kazini vifungo vya shati, nilikuwa nasikiliza.

Unajua kwa nini niliogopa. Wewe peke yako unajua, au ndivyo nilivyodhani. Siku tuliyokimbia tulikuwa tumeshafika barabara kubwa, watu wamejaa, magodoro vichwani. Nikakumbuka barua za Daudi. Zilikuwa chini ya kitanda changu ndani ya mfuko wa plastiki, na nilikuwa naona haya kuliko nilivyoogopa vita. Nikakunong'oneza: kimbia unichukulie, wewe una mbio. Ulicheka. "Yaya, mapendo itakuua." Ukageuka, ukapenya katikati ya watu na ile sketi yako ya bluu ya shule. Risasi zilianza muda mfupi baadaye. Umati ulitusukuma mpaka mpakani, na Mama aliponiuliza uko wapi nilisema umerudi kuchukua daftari lako. Daftari. Uongo wa neno moja, nikaubeba mpaka Burundi, kambini, kwenye ndege, mpaka hapa. Daudi mwenyewe nilisikia alioa Bujumbura kabla sisi hatujapewa hema.

Mama yuko Louisville na Amani, kitindamimba wetu, ambaye sasa ana kipara. Kaka Eliya yuko Buffalo, kiwandani. Kila Jumapili baada ya ibada Mama anatuunganisha kwenye simu moja na kuita majina kwa kufuata kuzaliwa, jinsi walivyokuwa wakituhesabu kambini. Eliya. "Niko." Esta. "Niko." Faida. Hapo ananyamaza. Tunasikia televisheni ya Eliya, tunasikia Amani akikohoa. Kisha anaendelea. Amani. "Niko." Ndipo anaomba. Hajawahi kuliruka jina lako hata Jumapili moja.

Na hatujakulilia, Faida. Kwetu kilio hakifungwi mpaka aliyekuwa wa mwisho na marehemu asimame mbele ya watu aeleze: aliondokaje, alisema nini, alivaa nini. Wachungaji wamekuja mara nyingi kumshauri Mama tukufanyie ibada tukuage. Anawapa chai, anawajibu, "Bado haijasemwa." Wao husikia kwamba ana tumaini utarudi. Hata mimi niliamua kusikia hivyo.

Onyesho la pili lilikuwa Louisville, kwenye kanisa la zamani lililogeuzwa ukumbi. Mama alikaa safu ya tatu na kitenge chake cha sherehe, mkoba mapajani. Ikafika theluji, wakamwaga vipande vya karatasi. Rehema akagonga mara tatu. Baba wa mchezo akaanza kutembea. Ya nne ikasikika.

Mama alisimama. Kwa sauti ileile ya Jumapili, bila kupaza, akaita, "Faida?"

Yule kijana akabaki mguu mmoja mbele. Nyuma ya mlango sauti ikajibu, "Niko."

Kijana akafungua, hakuna mtu, kama mchezo unavyotaka. Watu wakapiga makofi mpaka wengine wakalia, wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Mwalimu alifurahi kupita kiasi, akasema kwenye onyesho la tatu, la Buffalo, lazima tendo hilo lirudiwe.

Nilimvuta Rehema pembeni. "Koko aliita," akasema, maana Koko ndilo jina analomwitia bibi yake. "Every Sunday anaita na hakuna mtu anajibu. Nilimuonea huruma." Kisha akaniangalia. "Mama, lakini mimi niligonga tatu. Na mkono wangu ulikuwa mu mufuko."

Tulimfikisha Mama nyumbani. Akiwa anavua kitambaa cha kichwa akasema, "Buffalo nitaenda. Niko na kitu ya kumuuliza."

"Kitu gani, Mama?"

"Juu ya nini alirudia ku nyumba."

Wiki ile nilimvalisha mzee wa watu kiatu cha kulia mguu wa kushoto, nikamtembeza hivyo mpaka chumba cha chakula. Nilijiona nimeketi kando ya Mama, anauliza, na wewe nyuma ya ule mlango wa Whitehall unajibu: Yaya alinituma. Nilikuogopa, mdogo wangu. Nasema wazi, nilikuogopa wewe niliyekubeba mgongoni.

Amani alimleta Mama hapa Ijumaa. Rehema alitangulia na wenzake kwa basi, mimi na Mama tukaondoka alfajiri kwa gari langu. Toka Columbus mpaka tulipoipita Cleveland, Mama alikaa na thermosi ya chai katikati ya miguu. Nikaingia kituo cha mapumziko, nikazima injini. Mikono ilibaki kwenye usukani.

"Mama, halikuwa daftari. Nilimtuma mimi. Barua za Daudi."

Alifungua thermosi, akamimina kwenye kifuniko, akanywa kidogo.

"Minajua," akasema. "Alinipita mu njia. Aliniambia: Yaya alisahau barua zake, niko narudi sasa hivi. Akacheka. Na mimi niliangalia ile njia, nikamuachilia."

Nikamwuliza kwa nini basi, miaka yote hii, kwa nini aliendelea kuita na kunyamaza.

"Ile kunyamaza haikuwa ya Faida," akasema. "Ilikuwa yako. Nilikuwa nakungojea wewe. Na mimi pia nilikuwa naogopa, donc nilingoja sana." Akanipa kifuniko cha chai. Nililia mpaka mwanamume aliyekuwa akimtembeza mbwa wake akaja kugonga dirisha, kuuliza kama tunahitaji msaada.

Buffalo theluji ilikuwa ya kweli, imelundikana mpaka mlango wa ukumbi. Tulikaa mimi, Mama na Eliya, Mama katikati. Nilikuwa nimemwambia Rehema asijibu kitu, hata kama mwalimu atakasirika. Ikafika sehemu ile. Moja, mbili, tatu. Baba wa mchezo akaanza kutembea, viatu vyake vikasikika kwenye mbao. Mama alinishika mkono akaubana. Sote wawili tulikuwa tunasikiliza.

Hapakuwa na ya nne.

Kijana akafungua mlango na nyuma yake palikuwa na giza la pazia tu. Mama hakuita. Nilijikuta nakutafuta, Faida. Baada ya kukuogopa kiasi kile, nilisogea mbele ya kiti nikitamani ugonge.

Basi jambo lenyewe ni hili. Jumamosi tunakulilia, kanisani kwetu nyuma ya Morse Road. Eliya anakuja, Amani analeta viti, akina mama wa kwaya wameshaanza kupanga nani apike nini. Utakapofika wakati wa maelezo nitasimama, nitataja barua, nitataja Daudi, nitataja sketi ya bluu na kicheko chako. Mama amesema hatabaki ameketi nikisimama peke yangu. Waliokuwa wa mwisho nawe ni wawili, tutasimama wawili.

Na Jumapili, baada ya ibada, Mama ataita majina matatu. Usije ukadhani tumekusahau. Pumzika, mdogo wangu. Sikutumi tena popote.

Yaya wako,
Esta