Mkwe Niliyemkopa Serikalini

Jumatatu, 9 Juni 2025

Reverien amekamatwa! Jana jioni, kwenye mpaka wa shamba, kamkata jirani yake Fidele kwa panga mkononi. Mkono umeshonwa, atapona. Claudine kaja asubuhi analia mpaka kamasi. Nikamwambia afute kwanza, ndipo tuzungumze. Ni binti yangu, lakini huyo mume alimchagua mwenyewe – alitoroka naye miaka sita iliyopita, bila hata jembe la mahari kufika kwangu. Sisemi nimefurahi. Ila chai ya leo ilikuwa tamu.

Jumanne, 10 Juni

Kibondo mjini, mahakamani. Kasomewa shtaka la kujeruhi. Hakimu kasema dhamana iko wazi: mdhamini mmoja, mkazi wa kudumu, mwenye kitambulisho cha taifa na barua ya mtendaji. Hakutokea mtu. Ndugu zake, wakimbizi wa zamani, wamepata uraia juzi juzi, namba za vitambulisho hazijatoka. Kapelekwa mahabusu.

Claudine anadhani dhamana ni kama faini, ukitoa kesi imekwisha. Mimi pia sikuwa na uhakika, ila sikumwonyesha. Nje akatufuata bwana mmoja wa suti, Melkiadi, akajiita wakili. Nikamwomba kitambulisho cha uwakili. Akatoa kadi ya kwaya! Kishoka mtupu, wakili wa bandia. Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na mbili, mwongo namjua anavyokuna shingo.

Alhamisi, 12 Juni

Kasulu na Claudine. Zuhra wa duka la vitenge ndiye aliyetuelekeza kwa Wakili Abbasi. Kijana mpole. Cheti chake kiko ukutani, nimekisoma chote mpaka muhuri.

Katufafanulia taratibu. Dhamana haifuti kesi. Ni ahadi tu kwamba mshtakiwa atafika kila tarehe atakayoitwa, na akitoroka, mdhamini ndiye atakayejibu. Claudine akanishika goti, akasema mwenye kitambulisho ni mimi peke yangu. Nikakataa. Nisimame mbele ya hakimu bega kwa bega na mkwe? Kwetu mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake. Hata salamu huitoa akiwa nyuma ya ukuta.

Nikauliza, kwa kuuliza tu: mdhamini akichoka? Wakili akasema anaweza kwenda mahakamani siku yoyote kuomba ajitoe. Mshtakiwa hukamatwa upya, hurudi ndani mpaka apate mwingine.

"Siku yoyote?"

"Siku yoyote, mwalimu."

Nikamlipa aichukue kesi. Nitamdhamini.

Ijumaa, 13 Juni

Nimesaini bondi ya dhamana mahakamani. Reverien alikuwa anatazama sakafu, ananuka mahabusu. Nje nikamwita – yeye nyuma ya gari, mimi mbele – nikampa somo la dhamana kama nilivyopewa. Sehemu ya kujitoa niliirudia mara mbili. Akasema asante mama. Nikamwambia kuanzia leo aniite mwalimu.

Jumatatu, 16 Juni

Kumsenga, nyumbani. Nimemwanzishia daftari la mahudhurio! Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi anakuja, anasimama nyuma ya ukuta wa jiko, napitisha daftari dirishani, anaandika jina. Leo kasalimia kwa Kirundi, "Mwaramutse". Nikamwambia hapa tunasema shikamoo mwalimu. Akarudia vizuri. Mwandiko mbaya sana, nikamwandikisha mara kumi.

Jumapili, 22 Juni

Wiki nzima kanichimbia choo. Jana nimemtuma maji, ndoo kichwani, apite mbele ya kilabu cha pombe wenzake wamwone. Walimwona. Leo baada ya ibada wamama wakaniuliza siogopi kukaa karibu na mtu wa panga. Nikawaambia huyo nimemkopa serikalini, akinikera narudisha. Walicheka mpaka wakashika mbavu! Claudine hakuwepo. Ameniletea ujumbe kwamba mtoto ana homa.

Alhamisi, 26 Juni

Kasaini. Hakuna jipya. Claudine haji tena kwangu kuchukua maziwa ya kila siku, anamtuma mtoto – mtoto huyo huyo mwenye homa, na anakimbia vizuri tu. Nadhani amenuna kwa ajili ya mume wake. Anune.

Jumamosi, 28 Juni

Leo nimefanya jambo kubwa.

Alichelewa, saa moja kamili. Nikamwambia atoke nyuma ya ukuta. Akasita. Nikasema wakili yuko kwenye simu, chagua. Akatoka. Nikamkalisha kwenye kigoda katikati ya uwanja, nikamwekea ugali na maharage, nikakaa mbele yake na kumwambia ale. Majirani wawili walikuwa wanapita, wakasimama. Akasema taratibu, "Mwalimu, nionee huruma, hili siwezi." Nikashika simu.

Akala. Tonge la kwanza lilimkwama, machozi yakamtoka. Nilimtazama mpaka sahani ikawa nyeupe. Mama yangu angekuwa hai angenichapa. Lakini niliona raha, siwezi kujidanganya kwenye daftari langu mwenyewe.

Jumatano, 2 Julai

Nimekwenda mwenyewe kwa Claudine. Reverien alikuwa shambani kwangu anang'oa visiki. Nikaingia bila hodi, nimejaa maneno ya kumwambia kuhusu maziwa.

Alikuwa anajikanda mgongo kwa kitambaa na maji moto. Mgongo wote! Michirizi mipya juu ya ya zamani, na ya zamani si ya zamani sana.

Nikauliza tangu lini. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

"Hakuwahi kunigusa kabla, mama. Tangu ulipoanza. Kila unachomfanyia asubuhi, akirudi mimi ndiye ninalipa. Jumamosi alinipiga mpaka mtoto akamwomba aache."

Nikasema kwa nini hukuniambia. Akasema, "Ungemwongezea."

Kweli, ningemwongezea. Nimeona aibu, nikakaa chini kwenye sakafu yake. Anayempiga ni yeye, si mimi. Hilo nimelisema kwa sauti, na Claudine akachovya kitambaa tena.

Nikamwambia achukue mtoto waje kwangu leo hii. Kakataa: akiona vyombo vinahama atajua, na hakuna askari wa kulala mlangoni. Tukakubaliana tunyamaze. Kesho nijitoe, askari waje wamchukue kabla hajajua lolote. Jioni nikampigia Wakili Abbasi nikamweleza nataka kujitoa, anipangie vizuri. Akasema nije ofisini tuzungumze. Reverien akapita na jembe begani. Nikamwambia kesho apumzike, asije kusaini. Akanitazama usoni. Mara ya kwanza.

Alhamisi, 3 Julai

Kasulu, saa tano na nusu. Niliondoka Kumsenga alfajiri.

Abbasi alinipa kiti, akanipa pole ya safari. Nikamwambia aandike maombi yangu twende mahakamani. Akasema hawezi. Niende mwenyewe, au nitafute wakili mwingine.

"Mteja wangu ni Reverien, mwalimu. Wewe ni mdhamini."

Nikasema aliyekutafuta ni mimi, aliyekulipa ni mimi! Akasema anajua, na anashukuru. Kisha, kwa upole uleule, akasema saa mbili asubuhi alimpigia mteja wake kumtaarifu kwamba mdhamini wake anajitoa, aanze kutafuta mwingine mapema. Ndiyo kazi yake. Akasema jamaa alipokea vizuri.

Habari za mgongo sikuwa nimemwambia. Niliona aibu ya familia. Nilipomwambia, uso ukamshuka, akasimama kutafuta funguo za gari. Yuko chini anajaribu kuliwasha.

Nimepiga simu ya Claudine mara tano. Ya sita akapokea Reverien. Nikasema nipe Claudine. Akasema amelala. Saa hizi mchana! Nikamwambia amwamshe.

"Njoo umwamshe mwenyewe," akasema. Akakata.

Nimewapigia polisi. Naandika simu iko sikioni. Aliyepokea kauliza jina la mshtakiwa, nikamtajia. Kauliza kama yuko nje kwa dhamana, nikasema ndiyo. Kauliza nani amemdhamini. Nikasema mimi, mama mkwe wake. Akasema nisikate. Sijakata.